Kilichobaki Kizima Katika Trekta Kuukuu

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Kionga kuwaaga shangazi zako, na nyumba imenyamaza hata nasikia kuku wakiparura nyuma ya jiko. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi. Ukirudi tutaanza habari za sanduku na za gari la kesho, na mimi nikisema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umechukua shuka. Shuka utachukua, una akili zako. Na mjomba wako kule Masasi hatakulaza njaa. Hayo nayaruka.

Nataka kukuandikia habari ya kazi unayoiendea. Mjomba wako anasema yule tajiri mwenye yadi ya matrekta yaliyotumika anataka mtu wa kuyakagua yakishushwa, aseme lipi linafaa, lipi halifai, na lina thamani gani. Mjomba akamjibu, "Ninaye mpwa wangu, kajifunza kwa baba na kwa mama." Ni kweli, umejifunza kwetu wawili. Lakini ulichojifunza ni kazi ya mikono na macho. Yaliyotufikisha sisi kwenye kazi hiyo huyajui yote. Mengine yalitokea ukiwa mdogo, mengine yalitokea ukiwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, unasoma, na mengine sikutaka uyajue.

Unamkumbuka baba yako akiwa kipofu tu. Mimi niliolewa na mtu anayeona. Alikuwa tratorista, dereva wa trekta, na fundi juu yake, na alikuwa akitembea mbele yangu njiani kwa haraka mpaka nikawa namwambia apunguze. Ulikuwa bado unatambaa siku aliyoitwa kuwasha trekta la mtu lililolala. Akaunganisha nyaya kutoka betri nyingine, cheche ikaruka, betri ikalipuka, na maji yake makali yakamwingia machoni. Tulimwosha kwa maji ya kisima. Hospitali walifanya walichoweza. Jicho moja lilikufa palepale, la pili likamwonyesha vivuli kwa msimu mmoja, kisha likafunga.

Watu watakuambia nilimtunza. Nilimtunza, lakini si tangu mwanzo. Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa kijana, nikaona nimeachiwa mzigo ambao sikuuchagua, na nikakubeba wewe mgongoni nikaenda kwa mama yangu, kule Olumbe. Nilisema naenda kupumzika. Nikakaa huko mpaka mihogo niliyoiacha changa shambani ikafaa kuchimbwa. Siku moja mama yangu akaniambia, bila ukali, "Mume wako anakula kwa majirani." Basi. Nikafunga mzigo. Sikurudi kwa mapenzi, Zuhura, nilirudi kwa aibu. Mapenzi yalikuja baadaye, polepole, na sikuyaona yakija.

Nilimkuta amekaa uani na mtu kutoka Nangade. Mtu huyo alitaka kununua trekta kuukuu na alikuwa amesikia kwamba baba yako anayajua. Baba yako akasikia hatua zangu, akageuza uso. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema, "Mama Zuhura, nikopeshe macho yako. Tunakwenda kutazama trekta."

Ndivyo tulivyoanza. Trekta lenyewe lilikuwa jekundu, linang'aa, na muuzaji alikuwa ameliwasha kabla hatujafika. Linanguruma vizuri. Baba yako akaniuliza, "Unaona nini?"

Nikasema, "Zuri. Rangi kama jipya."

"Rangi ya kitu gani?"

"Ya trekta."

"Rangi hutoka kwenye kopo, Mama Zuhura. Tazama vichwa vya boliti. Rangi imekaa juu yake salama, au imekwaruzwa?"

Nikainama. Boliti za kwenye kichwa cha injini zilikuwa zimekwaruzwa, chuma kinaonekana. Kumbe wamepaka rangi kwanza, kisha wakaifungua injini tena. Akaniambia nitazame raba za pedali. Zilikuwa zimelika mpaka chuma, na mita ya saa za kazi inaonyesha trekta limefanya kazi kidogo tu. Akaniambia nichomoe kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Akatikisa kichwa, akamshika muuzaji mkono kwa heshima, akasema, "Ndugu yangu, maji yanaingia kwenye oili, na wewe unajua. Umelipasha moto ili tusilisikie likiwaka baridi. Tutarudi kesho alfajiri, usiliguse." Hatukurudi, maana muuzaji alitupigia simu jioni kwamba limeshapata mtu.

Toka siku hiyo tulikwenda pamoja. Palma, Nangade, mpaka kule juu Mueda. Mimi naona, yeye anasikia na kupapasa. Nilijifunza moshi: mweupe asubuhi unaweza kusamehewa, wa buluu ni oili inaungua, mweusi mzito ni mafuta hayachomwi sawasawa. Nilijifunza kuinua jembe juu, kuzima injini, na kukaa nikitazama kama litateremka lenyewe. Haya unayajua, nimekufundisha. Ila sikukuambia kwamba kwa miaka ile nilikuwa mjeuri. Mtu akijifunza kuona ubovu, huuona kila mahali. Nilikuwa nikiingia kwenye ua wa mtu, natazama chombo chake alichokitegemea maisha yake yote, na kabla hajamaliza salamu nimeshahesabu makosa kumi. Wauzaji wakaniogopa. Nikadhani kuogopwa ndiyo kujua kazi.

Unalikumbuka lile trekta la buluu lililofifia, la kwetu wenyewe? Baba yako alilipata kwa mzee mmoja aliyeshindwa kulilisha. Halikuwa na taa, mita zote zilikufa, rejeta inavuja kidogo kidogo, na stata imechoka, kwa hiyo ilibidi liegeshwe kwenye mteremko pale nyuma ya nyumba ili liwashwe kwa kuserereka. Nililichukia. Kila nilipoanika nguo nililiona. Wakaja wanunuzi wa chuma chakavu, nikakubaliana nao bila kumwambia. Wakaja na lori. Baba yako akasikia sauti ya lori, akatoka akipapasa ukuta.

"Wanataka nini?"

"Wanachukua lile gofu lako."

Alisogea hatua moja kuelekea lori. Kisha akasema, "Kabla hawajalichukua, nenda ulitazame. Uniambie kama unavyoniambia matrekta ya watu."

Nikaenda, nikamsomea ubovu wake wote, kwa sauti, wale wanunuzi wakicheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sasa rudi ulitazame tena. Safari hii usiniambie kibovu. Niambie kilichobaki kizima."

Nilirudi kwa hasira. Nikaanza kutaja. Gia zinaingia, zote. Klachi inashika. Hakuna ufa wala alama ya kuchomelea kati ya injini na gia. Oili ni nyeusi lakini safi, haina maji. Mhimili wa mbele hauchezi. Jembe likiinuliwa linabaki juu. Nikawa nataja na huku sauti yangu inashuka, maana orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Wanunuzi wa chuma wakaondoka na lori lao tupu. Sikumwomba radhi baba yako siku ile. Nilikwenda kupika.

Sasa nikuambie habari ya siku ile ya kukimbia. Watu wamekusimulia kwamba mama yako aliendesha trekta akaokoa watu. Ulipotoka Pemba ulikuta nimeshageuzwa shujaa, na mimi nikaacha hivyo hivyo, kwa kuchoka kueleza. Ngoja nieleze.

Vita ilipofika Palma, moshi tuliuona asubuhi, na milio ikawa inakaribia. Kijijini kwetu kila mtu alikuwa anafunga alichoweza. Dereva aliyekuwa akituendeshea lile trekta la buluu alikuwa ameshaondoka na pikipiki yake, na simlaumu, alikuwa na watoto. Baba yako akaniambia, "Tela limefungwa?" Nikasema limefungwa. Akasema, "Ita watu. Wazee na wenye watoto kwanza."

Nikamwambia, "Nani ataliendesha?"

"Wewe."

"Baba Zuhura, mimi sijui kuendesha."

"Unajua kila kitu kilichomo ndani yake. Panda."

Alikaa juu ya madigadi, ubavuni kwangu, mkono mmoja ameshika kiti changu na mwingine ameuweka kwenye boneti. Tela lilijaa mpaka watu wakaning'inia. Akasema, "Kanyaga klachi. Weka gia ya pili. Achia breki, liache lishuke. Usiogope. Bado. Bado. Sasa, achia klachi." Trekta likaruka kama mbuzi, likakohoa, likawaka. Watu wakamtaja Mungu, kila mtu kwa lugha yake.

Tulishika njia ya Kionga kuelekea mto Ruvuma. Sikuwa nikiendesha mimi, tulikuwa tukiendesha wawili. Mimi nasema, "Mchanga mzito mbele," yeye anasikiliza injini kisha anasema, "Punguza gia." Mimi nasema, "Kuna gari limeteketea limeziba njia," yeye ananiuliza upande upi una majani mafupi. Usukani wenyewe ulikuwa mzito kama kinu. Mara moja nilipotazama nyuma niliona moshi, sikutazama tena.

Tulipokuwa tumeshaacha Kionga nyuma, akaniambia, "Simamisha."

"Kwa nini?"

"Injini imeanza kukauka. Nasikia. Rejeta haina maji. Tukiendelea itanoki, na ikinoki ndiyo mwisho wetu hapa."

Nikasimamisha. Zuhura, watu walipiga kelele zile ambazo sitaki uzisikie maishani. Mtu ananguruma, "Endesha, mama, endesha!" Mwingine ananishika kitambaa. Baba yako akasimama akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni lazima ipoe kidogo, maana maji baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto yataipasua kichwa. Kungoja kwenyewe hakukuwa kurefu. Lakini kungoja ukiwa umekimbia ni kitu kingine.

Hapo ndipo Rosa aliposhuka.

Unamjua Rosa, jirani yetu, unayemwita tia kama vile ni shangazi yako. Familia yake iliteremka kutoka Mueda kulima huku kwetu. Alikuwa na mama yake, bibi mzito wa mwili, miguu imevimba, tulimpandisha kwenye tela watu wanne. Rosa akaniambia usoni, "Kipofu na mtu asiyejua kuendesha mtatuua. Sisi tunapita msituni." Akamshusha mama yake. Yule bibi alikuwa analalamika kwa Kimakonde, hataki kushuka, anashika ubao wa tela. Rosa akamtoa vidole kimoja kimoja. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, karibu kama nilivyo karibu na mlango huu. Ningeweza kusema neno. Rosa alikuwa ananisikiliza siku zote. Ningesema, "Rosa, subiri kidogo tu," angesubiri.

Sikusema. Nitakuambia nilichokuwa nikiwaza, maana ndicho kilichonikalisha kuandika barua hii. Nilikuwa nikiwaza kwamba tela limejaa kupita kiasi, kwamba injini imechoka, kwamba mchanga uko mbele, na kwamba bibi yule peke yake ni sawa na watu wawili. Nilikuwa nimekaa miaka nikikadiria trekta linavuta nini, na siku ile nilimtazama mama wa mtu nikaona mzigo. Aliposhuka, nilihisi nafuu. Niliisikia nafuu hiyo mwilini, kama mtu aliyetua ndoo.

Kisha nikaenda kuomba maji. Watu walikuwa na madumu madogo, maji ya kunywa ya watoto. Nikamwambia kila mama, "Mpe mtoto anywe sasa hivi, kinachobaki nipe." Mmoja alikataa. Alilikumbatia lile dumu kama kichanga. Sikumnyang'anya. Tulimimina tulichopata, tukaserereka tena kwenye mteremko mdogo, watu wote wakisukuma, na lilipowaka yule mama akakimbia pembeni ya trekta na kumpa baba yako dumu lake, tukalitia maji hayo mbele ya safari. Tulifika mtoni. Wote waliobaki kwenye tela walifika, na wote walivuka kwa mitumbwi.

Trekta likabaki ukingoni. Baba yako aliweka kiganja kwenye boneti akangoja mpaka chuma kikapoa, nami nikamshika mkono nikamwingiza mtumbwini. Baadaye tulisikia kwamba limenyofolewa kila kitu, likabaki mifupa.

Rosa alitokea ng'ambo baada ya siku kadhaa, peke yake. Mama yake alikuwa amelala njiani chini ya mti na hakuamka. Rosa alimzika kwa mikono na sahani ya bati.

Baba yako sikumwambia nilichowaza pale barabarani. Tuliishi kwa mjomba wako, akaugua kifua, na unajua mwenyewe jinsi alivyokwenda, maana ulikuwa umeshakuja na wewe ndiye uliyemshikia kikombe. Siku za mwisho nilitaka kumwambia, nikaona namtwisha mtu anayeondoka. Huenda alijua. Alikuwa akiisikia sauti yangu vizuri kuliko alivyosikia injini.

Tuliporudi huku, mimi na wewe, na watu wakaanza kufufua mashamba, Rosa naye akarudi. Nyumba yake ilikuwa imeungua, akajenga banda pale pale. Tulilima mpunga, mashamba yetu yakipakana. Siku moja ya palizi sikuweza kuendelea. Nilikuwa nimechoka kubeba. Nikamwambia yote, jinsi ninavyokuandikia wewe, hata ile nafuu.

Rosa hakusimama. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari wake, akageuka, akasafisha jembe kwa kidole. Akasema, "Umeshasema?"

"Nimeshasema."

"Basi usinirudie nalo tena. Sitaki kulisikia mara ya pili."

Akaondoka. Usiku ule sikula. Nikajua nimempa Rosa maumivu yangu ayabebe, juu ya yake. Kesho yake nilikwenda shambani nikidhani nitakuta upande wake mtupu, nikamkuta ameshaanza. Hatukusalimiana. Tulipalilia. Jua lilipokuwa kali akanisukumia dumu la maji kwa mguu, bila kunitazama. Mpaka leo ndivyo tulivyo. Wewe umeniuliza mara mbili kwa nini Rosa hacheki nikiwepo, nami nimekujibu kwamba ndiyo tabia yake. Si tabia yake.

Sikuandikii haya ili uwe mtakatifu kwenye yadi ya watu. Tajiri wako ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara si adui. Yatakuja matrekta kutoka nchi za mbali, yameshalima udongo wa watu wengine kwa maisha mazima, yamepakwa rangi huko au yatapakwa hapo. Atakuuliza, "Zuhura, hili lina thamani gani?" Utatazama boliti, utatazama moshi, utakuwa na jibu. Lakini mimi nimechelewa kujua kwamba swali hilo halijakamilika. Thamani kwa nani? Trekta lenye stata mbovu ni hasara kwa mtu wa shamba la tambarare asiye na kijana wa kusukuma. Kwa mwenye mteremko ni trekta. Lenye vipuri vinavyopatikana Dar es Salaam tu ni zuri kwa mtu wa mjini, na kwa mjane wa Nangade ni chuma cha kufugia kuku. Muulize mnunuzi analima wapi, na likiharibika nani atalitengeneza. Wengine watakuona unawachelewesha. Waache wakuone hivyo.

Ipo siku utachoka pia. Utakuwa umesimama juani tangu asubuhi, umekagua mengi, na mtu wa mwisho atakuja na maswali yake, na wewe utataka aondoke tu. Hapo jiangalie. Mimi makosa yangu makubwa sikuyafanya kwa kutojua. Niliyafanya nikiwa nimechoka na ninajua.

Mwezi uliopita tulikwenda wote Awasse, kutazama lile trekta la kijani ambalo kikundi cha wakulima kilitaka kulinunua. Goti liliniuma nikakaa kivulini, nikasema nitakagua baadaye. Mwenyekiti wao akaja akaniuliza, "Mama, unasemaje?" Nikamwambia, "Muulize huyo." Nilisema kwa uvivu, nakuambia kweli. Nikakuona umelala chini ya injini, kapulana yako, kanga ya kiunoni, imejaa vumbi, kisha ukatoka ukawaambia kwamba trekta ni zima lakini jembe lake ni la udongo mwepesi, na wao wana udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo litaonekana bovu mwaka wa kwanza tu na watagombana wenyewe kwa wenyewe. Mwenyekiti alikasirika. Muuzaji alikasirika zaidi. Wewe ukapangusa mikono ukarudia maneno yaleyale, taratibu. Wale wakulima wakaenda kando wakashauriana, wakaamua kungoja. Tulirudi bila asante ya mtu, na njia nzima uliimba.

Nilikuwa nimekaa mbele yako kwenye chapa ile, basi dogo la abiria, nakusikia ukiimba, na nikajua kwamba nimekushikilia mno.

Maana na hilo lazima uondoke nalo likiwa wazi. Mjomba wako aliniomba uende tangu mwaka jana. Nikamwambia tusubiri mpunga uvunwe. Ulipovunwa nikamwambia goti langu. Goti linauma, si uongo, lakini halikuwa sababu. Nilizoea kuwa na mtu wa kumuuliza "unaona nini?" jioni, na nilijua ukienda nitalazimika kujibu mwenyewe. Ulikaa mwaka mzima ukidhani unamhudumia mama mgonjwa. Ulikuwa unamhudumia mama mwoga. Kwa hilo unisamehe, au usinisamehe, lakini panda gari kesho.

Kuku wameingia ndani, nasikia na mtu anapiga hodi kwa jirani, pengine ni wewe unarudi. Nitaikunja karatasi hii na kuiweka chini ya nguo zako. Uisome ukishavuka mto, si kabla.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akupe watu wema wa kukaa nao. Siku ukitaka kurudi, rudi kwa sababu wewe umetaka. Usirudi kwa sababu mtu kakuambia mama yako amechoka. Nimechoka, ndiyo. Nimechoka miaka mingi, na kila asubuhi naamka.

Mimi mama yako.